Nyuklia, jotoardhi, maji, upepo au jua: usalama na gharama kwa gridi ya ukubwa wetu

Mpango wa Kenya ni kuanza kujenga kinu cha kwanza cha nyuklia mwaka 2027 na kuwasha umeme wake mwaka 2034: megawati 1,000, kwa makadirio ya shilingi bilioni 500. Eneo lililotajwa kwanza lilikuwa Uyombo, Kilifi, ambako wakazi waliandamana kupinga mwezi Mei 2024. Mwaka uliofuata macho yakahamia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Uganda inaizungumzia Buyende, Rwanda imetia saini na kampuni za vinu vidogo, na Tanzania imeanza majaribio ya kuchakata urani ya Mto Mkuju, Namtumbo. Swali la nyuklia si la darasani tena.

Barazani mabishano huanza na mionzi na kuishia kwenye mionzi. Wakati huohuo mambo mawili yanayoamua kweli kama kinu kitatufaa au kitatufilisi, yaani riba ya mkopo na ukubwa wa gridi, hayapati hata dakika tano. Ulinganisho huu unaanza na usalama kwa sababu ndio unaoulizwa, lakini uzito wake uko kwenye hayo mawili.

Vifo kwa kila uniti, na bei ya kila uniti

Uniti ni kilowati-saa moja, ileile unayonunua kwa tokeni. Safu ya vifo ni hesabu za Our World in Data, zinazojumlisha ajali na hewa chafu. Safu ya bei ni makisio ya benki ya Lazard ya mwaka 2024 kwa mitambo mipya nchini Marekani, kabla ya ruzuku.

| Chanzo | Vifo kwa uniti bilioni 1 | Senti za dola kwa uniti |
|---|---|---|
| Makaa ya mawe | 24.6 | 6.9 – 16.8 |
| Mafuta | 18.4 | – |
| Gesi asilia | 2.8 | 4.5 – 10.8 |
| Maji | 1.3 | – |
| Upepo (nchi kavu) | 0.04 | 2.7 – 7.3 |
| Nyuklia | 0.03 | 14.2 – 22.2 |
| Jua (mashamba makubwa) | 0.02 | 2.9 – 9.2 |
| Jotoardhi | – | 6.4 – 10.6 |

Kenya hutumia takribani uniti bilioni 14 kwa mwaka. Zote zikitoka kwenye makaa ya mawe, hesabu hiyo inaleta vifo 340 hivi kila mwaka, vingi vya mapafu na moyo, vya watu wanaozikwa bila gazeti lolote kuandika chanzo. Zikitoka kwenye nyuklia, ni kifo kimoja katika miaka miwili na zaidi, na Chernobyl na Fukushima zote zimo ndani ya hesabu. (Mradi wa makaa ya mawe wa Lamu, megawati 1,050, ulifutiwa leseni ya mazingira mwaka 2019. Kwa vipimo vya jedwali hili, pwani iliepuka jambo baya zaidi kuliko kinu.)

Hiyo 1.3 ya maji isikutishe bure. Karibu yote imetoka tukio moja, kupasuka kwa bwawa la Banqiao nchini China mwezi Agosti 1975, ambalo hesabu hii inalihesabia vifo 171,000. Liondoe, na maji yanateremka hadi jirani ya upepo. Hata hivyo bwawa si kitu cha kudharau: lile la Solai, Nakuru, halikuwa hata la umeme, lilikuwa la kumwagilia, na liliua watu zaidi ya 40 usiku wa tarehe 9 Mei 2018. Mwenye kuishi chini ya ukuta wa maji ana haki ya kuuliza maswali yaleyale ya mwenye kuishi karibu na kinu.

Kuhusu mionzi yenyewe: binadamu wa kawaida hupata takribani milisiveti 2.4 (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa mwaka kutoka kwenye mawe, udongo, anga na chakula. Kipimo cha tumbo kwa mashine ya CT kinaweza kukupa karibu milisiveti 8 kwa mara moja. Kiwango cha juu anachoruhusiwa kupata raia kutokana na kinu ni milisiveti 1 kwa mwaka, na kinu kinachofanya kazi vizuri hutoa sehemu ndogo sana ya hicho. Mlima wa Mrima, Kwale, wenye thoriamu kwenye mawe yake, una mionzi ya asili inayopita ya kinu chochote kilicho salama. Hofu inafaa ielekezwe kwenye siku kinu kinapoharibika.

Kinu huharibika vipi

Watu wengi hudhani hatari ni kulipuka kama bomu. Urani ya kinu hurutubishwa hadi asilimia 3 mpaka 5 tu, kiwango kisichoweza kulipuka kinyuklia. Hatari ni joto linalobaki. Kinu cha megawati 1,000 za umeme hutoa kama megawati 3,000 za joto. Fimbo za udhibiti zikishuka, mpasuko wa atomu husimama kwa sekunde chache, lakini mabaki ndani ya mafuta ya kinu, yaani fimbo za urani, yanaendelea kutoa joto: asilimia 6 hadi 7 mwanzoni, yaani megawati 200 hivi, saa moja baadaye kama asilimia 1.5, siku nzima baadaye karibu nusu asilimia. Nusu asilimia inasikika ndogo. Ni megawati 15, zinazotosha kuchemsha na kukausha zaidi ya tani 20 za maji kila saa. Pampu zikisimama na maji yasiingie, fimbo hizo za urani hubaki wazi bila maji, ala zake za zirkoni (aina ya metali) huungana na mvuke na kutoa hidrojeni, na hiyo hidrojeni ndiyo iliyopasua majengo ya Fukushima.

Kule Fukushima Daiichi, tarehe 11 Machi 2011, tetemeko halikuua vinu. Vilizimika vyenyewe kama vilivyopangwa, na jenereta za dizeli zikawaka. Dakika 50 hivi baadaye likaja wimbi la kama mita 14 mahali palipokadiriwa kupata mita 5.7, na jenereta nyingi zilikuwa chini kwenye vyumba vya ardhini. Vinu vitatu vikayeyuka. Kinu cha Onagawa kilikuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko na kilipigwa na wimbi la kama mita 13, lakini kilijengwa juu ya kiwanja cha mita 14 na ushei. Kilizimika salama, na wanakijiji waliopoteza nyumba wakapewa hifadhi ndani ya uzio wake. Nchi moja, bahari moja, siku moja. Kilichotofautisha ni kimo cha kiwanja na mahali pa kuweka jenereta.

Serikali ya Japani imekiri kifo kimoja cha mionzi. Walioaga dunia kutokana na kuhamishwa, hasa wazee na wagonjwa waliotolewa hospitalini kwa haraka, wamepita 2,300. Ukiona mpango wa dharura wa kinu chochote, tafuta kwanza ukurasa wa wazee na wagonjwa.

Kwetu hapa, hili linagusa jambo tunalolijua sana: umeme kukatika nchi nzima. Tarehe 25 Agosti 2023 gridi ya Kenya ilianguka, na sehemu nyingine zikakaa gizani karibu siku nzima. Ilianguka tena mara kadhaa miezi iliyofuata. Kwa kiwanda cha sukari hiyo ni hasara. Kwa kinu cha nyuklia, kila gridi inapoanguka, jenereta za dizeli lazima ziwake ndani ya sekunde kumi na kitu, na zifanye kazi hadi gridi irudi. Ndiyo maana vinu hujengwa na jenereta mbili au zaidi zisizotegemeana, kila moja ikitosha peke yake, pamoja na mafuta ya siku kadhaa. Vinu vya kizazi kipya vina matangi ya maji yaliyoinuliwa juu, yanayoshuka kwa uzito wake bila pampu na kununua muda wa siku tatu. Mwuzaji akija bila mfumo wa aina hiyo kwenye nchi yenye gridi inayoanguka, mwulize kwa nini.

Chernobyl, ya tarehe 26 Aprili 1986, ni habari nyingine: kinu cha grafiti ambacho kilipokosa maji kiliongeza nguvu badala ya kupunguza, na hakikuwa na kuba la zege juu yake. Watu kama 30 walifariki katika miezi ya mwanzo, na Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo vinavyoweza kufikia 4,000 kati ya waliopata mionzi mingi zaidi. Aina hiyo haiuzwi tena.

Vyanzo vingine navyo vina hatari zao, ila ni za fundi zaidi kuliko za jirani. Kwenye jotoardhi ni gesi ya salfaidi ya hidrojeni, yenye harufu ya yai viza. Ikifika kama sehemu 100 kwa milioni pua hufa ganzi, kwa hiyo harufu ikitoweka ghafla usidhani gesi imekwisha. Ndiyo sababu mfanyakazi huvaa kipimo kifuani. Kwenye jua ni kuanguka kutoka juu ya bati, na ukweli kwamba paneli haizimwi: jua likiwaka, nyaya zake zina umeme hata ukikata swichi ya ndani. Kwenye upepo ni kimo na vyuma vizito. Na kinachozidi vyote hivi kwa mbali ni moshi wa kuni na mkaa ndani ya nyumba: hewa chafu ya majikoni huua watu kama milioni 3.2 kwa mwaka duniani. Umeme wowote unaoingia jikoni, hata uwe wa chanzo gani, unaokoa watu kuliko tofauti ya 0.03 na 0.02.

Riba: hapa ndipo bei inapozaliwa

Kinu kikishajengwa, umeme wake ni wa bei nafuu. Mafuta, mishahara na matengenezo kwa vinu vya Marekani ni kama senti 3 za dola kwa uniti. Bei kubwa unayoiona kwenye jedwali ni ya zege, chuma na mkopo. Tuchukue kinu cha megawati 1,000 cha dola bilioni 6, bei ya wastani wa kuaminika, kinachofanya kazi asilimia 90 ya mwaka, na mkopo unaolipwa kwa miaka 30 baada ya kuwasha:

Ujenzi wa miaka 8 kwa riba ya asilimia 3: deni siku ya kuwasha ni dola bilioni 6.8, na kila uniti inabeba senti 4.4 za mkopo.

Miaka 8 ileile kwa riba ya asilimia 9: deni bilioni 8.6, senti 10.7 kwa uniti.

Riba ya asilimia 9, ujenzi ukichelewa hadi miaka 12 bila gharama ya ujenzi kuongezeka hata senti: deni bilioni 10.5, senti 13 kwa uniti.

Ongeza zile senti 3 za uendeshaji kwenye kila mstari. Kinu ni kilekile, fundi ni yuleyule, mafuta ni yaleyale. Bei imepanda kutoka senti 7.4 hadi 16 kwa sababu ya benki na kalenda. Ndiyo maana Misri ilipotaka vinu vinne vya El Dabaa ilijadili kwanza mkopo wa Urusi wa dola bilioni 25 kwa riba ya asilimia 3, ndipo ikamwaga zege mwaka 2022. Na ndiyo maana uamuzi wa Benki ya Dunia wa Juni 2025, wa kuacha marufuku yake ya muda mrefu dhidi ya nyuklia, una uzito kwetu kuliko ugunduzi wowote wa maabara.

Kuchelewa si jambo la kufikirika. Olkiluoto 3 ya Ufini ilianza mwaka 2005, ikaahidiwa 2009, ikaingia uzalishaji wa kawaida 2023. Kutoka euro bilioni 3 hadi kama 11. Flamanville 3 ya Ufaransa ilianza 2007 na kuunganishwa gridini Desemba 2024, kutoka bilioni 3.3 hadi 13.2. Vogtle ya Marekani, vinu viwili, ilipita dola bilioni 35 ikiwa imechelewa miaka saba. Hizi ni nchi zenye mafundi wa nyuklia wa vizazi vitatu.

Mfano mzuri upo, na uko karibu na Waswahili kuliko wengi wanavyodhani: Barakah, Abu Dhabi. Vinu vinne vya Kikorea, megawati 5,600, vya kwanza kwa nchi hiyo. Ujenzi ulianza Julai 2012, kinu cha kwanza kikaanza biashara Aprili 2021 na cha nne Septemba 2024. Leo vinatoa kama robo ya umeme wa Imarati, na binamu yako aliyeko Dubai anapozesha chumba kwa sehemu ya umeme huo. Lakini hata huko, kwa wakandarasi waliokuwa wanarudia mchoro walioujua, kinu cha kwanza kilichelewa karibu miaka minne, na makadirio ya baadaye ya dola bilioni 24.4 yanakupa zaidi ya dola 4,300 kwa kilowati. Shilingi bilioni 500 za Kenya ni takribani dola 3,900 kwa kilowati. Yaani tunategemea kujenga kinu kimoja, cha kwanza, kwa bei ya chini kuliko Imarati iliyojenga vinne mfululizo, kwa fedha nyingi za serikali yenyewe. Makadirio hayo yasomwe kama bei ya dukani kabla ya usafiri na ushuru.

Ukubwa wa gridi

Wahandisi wa gridi wana kanuni ya kidole gumba, na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) huitaja pia: mtambo mmoja usizidi asilimia 10 ya gridi. Sababu ni rahisi. Mtambo wowote unaweza kuzimika ghafla, na ukizimika, mingine lazima ijaze pengo kabla kasi ya gridi, ile hezi 50, haijaporomoka na kuangusha kila kitu.

Kilele cha mahitaji ya Kenya kilivuka megawati 2,300 mwaka 2025. Asilimia 10 ya hapo ni 230 tu. Kinu cha megawati 1,000 ni zaidi ya asilimia 40 ya kilele, na usiku wa manane, mahitaji yanaposhuka hadi karibu nusu, kingekuwa karibu gridi nzima. Gridi ilipoanguka Agosti 2023, kilichotoka mara moja ni megawati 270 hivi za upepo wa Turkana, na wenye mitambo walisema gridi ndiyo iliyowatoa kwa volteji iliyopanda. Hata tuache ubishi wa nani alitangulia, pengo la 270 lilitosha. Sasa fikiria 1,000.

Ili kuishi na kinu hicho unahitaji akiba inayozunguka (mitambo iliyowashwa tayari kuongeza nguvu papo hapo) ya megawati 1,000 muda wote, au nyaya nene za kuvutia umeme wa jirani. Nyaya zinaanza kuwepo: ule wa Ethiopia hadi Suswa wa kilovolti 500, wenye kilomita zaidi ya 1,000, na ule wa kilovolti 400 kati ya Kenya na Tanzania. Gridi za Ethiopia, Kenya na Tanzania zikifanya kazi kama moja, kinu kikubwa kinaanza kuingia akilini. Bila hivyo, fedha ya kwanza iende kwenye nyaya.

Halafu kuna jambo la usiku. Kinu cha nyuklia kina faida ya bei pale tu kinapokimbia muda wote, kwa kuwa mkopo haulali. Zile senti 10.7 za mfano wetu zilidhani asilimia 90. Gridi ikikipokea asilimia 60 tu, zinakuwa senti 16. Na kwetu tayari usiku kuna mvuke wa Olkaria unaoachwa uende hewani kwa kukosa mnunuzi. Kinu kingekuja kugombea saa zilezile.

Afrika Kusini, yenye gridi kubwa kuliko zetu zote, iliionja adha hii. Kinu kimojawapo cha Koeberg kilipozimwa karibu mwaka mzima wa 2023 kubadilishiwa majenereta ya mvuke, megawati 920 zilitoka wakati nchi iko kwenye mgao mkali. Matengenezo hayo yalikuwa ya lazima ili kinu kiongezewe miaka 20, na leseni yake sasa inafika 2044. Kitu kikubwa kikiondoka kwa mwaka, lazima kiwe na mbadala.

Washindani wa nyumbani, na maradhi yao

Jotoardhi ndiyo mpinzani halisi wa nyuklia nchini Kenya, kwa sababu nayo hukimbia usiku na mchana, bila kuagiza mafuta. Kitengo cha kwanza cha Olkaria kiliwashwa 1981 kikiwa na megawati 15. Sasa nchi ina zaidi ya megawati 900, na asilimia 40 hivi ya umeme wake hutoka huko. Makadirio ya kilichopo Bonde la Ufa ni megawati 10,000. Ubaya wake uko mwanzoni: kisima cha kilomita 3 kinakula dola milioni 5 hadi 6, na huwezi kujua kama kina mvuke hadi umalize. Kisima kizuri hutoa wastani wa megawati 5, kwa hiyo megawati 100 zinataka visima 20 vinavyotoa, pamoja na vya kurudisha maji chini. Visima huchoka polepole, lazima uchimbe vya kuziba pengo kila baada ya miaka kadhaa. Lakini angalia uzuri wake: ukikosea, unapoteza dola milioni 6, si bilioni 6. Na unakua kwa vipande vya megawati 50 au 80, gridi ikikua nawe.

Maji ni ya bei ya chini kuliko yote pale mto ulipo. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji, mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115, lilijengwa kwa shilingi trilioni 6.5 za Tanzania. Ni kama dola 1,400 kwa kilowati, robo ya kinu. Mtambo mmoja ukizimika unapoteza 235 tu. Maradhi yake ni mawili. La kwanza ni ukame, na mgao wa 2022 unakumbukwa. La pili ni umbali: mwaka 2025 serikali ilieleza kwamba itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa sababu kuusafirisha kutoka Rufiji hadi huko kunapoteza mwingi njiani. Wanaokejeli uamuzi huo hawajawahi kulipia hasara ya nyaya. Umeme huo wa Ethiopia, kwa njia, Kenya huununua kwa senti 6.5 za dola, na ndiyo bei ambayo kinu chochote cha hapa kitapimwa nayo.

Upepo wa Turkana una minara 365 na megawati 310. Minara ilikuwa tayari 2017, nyaya za kilomita 438 hadi Suswa zikakamilika Septemba 2018, na katikati hapo mlipa bili wa Kenya alitozwa mabilioni ya fidia kwa umeme usiofika. Upepo wenyewe ni mzuri mno, lakini huvuma zaidi usiku, ukikutana na mvuke wa Olkaria pasipo mnunuzi.

Jua: kilowati moja ya paneli katika sehemu nyingi za ukanda wetu hutoa uniti 4 hadi 5 kwa siku. Tatizo ni kwamba kilele cha Kenya ni saa moja hadi saa tatu usiku. Kuhamisha megawati 100 za mchana kwa saa nne za jioni kunataka betri za uniti 400,000. Kwa wastani wa bei ya dunia ya mwaka 2024, dola 115 kwa uniti, pakiti pekee ni dola milioni 46, kabla ya vibadilishi, makontena na kazi. Miaka kumi iliyopita hesabu hiyo ilikuwa kichekesho. Sasa inaingia kwenye zabuni.

Gesi ya Songosongo na Mtwara inaifaa Tanzania kwa sababu ni yake na mitambo hujengwa upesi, hata kama mafuta ndiyo sehemu kubwa ya bei. Nyuklia ni kinyume: urani ghafi ikipanda maradufu, uniti hupanda kidogo tu. Ila usichanganye mgodi na mafuta. Kinu cha megawati 1,000 hutumia kama tani 25 za mafuta kwa mwaka, yanayotokana na tani 200 hivi za urani ghafi iliyobadilishwa na kurutubishwa kwenye viwanda ambavyo Afrika Mashariki haina. Urani ya Namtumbo itasafiri na kurudi kama bidhaa ya wengine. Shinkolobwe ya Katanga ilitoa urani ya bomu la 1945, na Kongo haijapata hata wati moja ya umeme kwa sababu hiyo.

Vinu vidogo

Jibu la haraka kwa tatizo la gridi ni kinu kidogo, cha megawati 50 hadi 300. Kwa ukubwa kinatufaa kabisa. Kwa bei bado. Mradi wa NuScale kule Idaho, megawati 462, ulifutwa Novemba 2023 baada ya bei kupanda kutoka dola 58 hadi 89 kwa megawati-saa (uniti 1,000), tena ikiwa na ruzuku ndani yake. Vilivyokwisha kuwashwa duniani ni vichache mno, mfano mtambo unaoelea majini wa Akademik Lomonosov huko Pevek, Urusi, wenye viwili vya megawati 35. Nchi yenye gridi ndogo inapata faida kwa kusubiri nchi nyingine ijenge cha kwanza, cha pili na cha tano.

Maji ya kupoza, na mabaki

Kinu cha megawati 1,000 hutupa megawati 2,000 za joto. Ukitumia maji ya bahari au ziwa moja kwa moja na kuyapandisha nyuzi 10, unahitaji karibu mita za ujazo 48 kila sekunde. Uyombo maji hayo yangetoka na kurudi karibu na Mida na matumbawe ya Watamu, na matumbawe hufa kwa ongezeko dogo la joto. Siaya shida ni nyingine: gugumaji. Mwezi Agosti 2025 kiwavi wa baharini (jellyfish), yule wa kuwasha, aliziba vichujio vya maji vya kituo cha nyuklia cha Gravelines nchini Ufaransa na vinu vinne vikazimika. Lundo la gugumaji kwenye ghuba isiyo na kina linaweza kufanya vivyo hivyo. Minara ya kupoza hupunguza maji hadi chini ya mita moja ya ujazo kwa sekunde, lakini yote huyeyukia hewani, na minara nayo ina bei yake.

Mafuta yaliyotumika ni tani 25 kila mwaka, tani 1,500 kwa miaka 60. Hukaa kwenye bwawa miaka mitano au zaidi, kisha kwenye makasha ya chuma na zege. Kitaalamu hayo yanawezekana: Ufini imechimba hifadhi ya Onkalo mita 430 hivi ndani ya mwamba. Swali ni nani analipa mwaka wa 70, wakati kinu hakiuzi tena umeme. Mfuko wa kubomoa na kuhifadhi lazima ukatwe kwenye kila uniti tangu siku ya kwanza, na ukae mahali ambapo Hazina haiwezi kuukopa.

Kwa anayekwenda barazani Siaya au kwingineko, maswali yenye faida ni haya. Riba ni asilimia ngapi, na ni ya sarafu gani? Ujenzi ukichelewa miaka minne, nani analipa riba ya miaka hiyo: mwuzaji, Hazina, au bili ya stima? Mkataba unatulazimisha kulipia uniti ngapi kwa mwaka hata tusipozitumia? Kinu kikizimika ghafla saa mbili usiku, megawati 1,000 zitatoka wapi ndani ya dakika moja? Jenereta za dizeli zitakaa kimo gani juu ya maji? Ajali ikitokea, fidia ya mwenye kinu ina kikomo gani kisheria, na juu ya kikomo hicho ni deni la nani? Fukushima inakadiriwa kugharimu yeni zaidi ya trilioni 20, na sehemu kubwa ya fidia imepitia mkono wa serikali na bili za wateja wa umeme.